Usiuguse Mshono Wangu

Tarehe 4 Februari

Mjukuu wangu,

Salamu utazikuta chini, kama zitabaki. Kwanza nikuseme.

Barua yako dereva wa gari la magazeti ameniletea jana. Nimeisoma kimoyomoyo, kisha nikaisoma kwa sauti ili babu yako asikie, na babu yako akasema, "Huyo mtoto analia." Nikamwambia halii, anadeka. Unaniandikia kwamba darasa lako la kushona lilianza limejaa mpaka watu wanakalia ndoo, na sasa viti vimebaki vitupu. Kwamba watu wazima hawana nia, wanasinzia, wanatazama saa, wanasingizia misiba. Na kwamba mkuu wa kituo amekwambia wazi: mwisho wa Machi kuna siku ya maonyesho, wageni watakuja kuwaona wanafunzi wako wakishona kwa mikono yao wenyewe, na wakichemsha, mkataba wako umeishia hapo na wewe unarudi hotelini kupiga pasi mashuka.

Sasa mimi mtaa mzima nimeshautangazia kwamba mjukuu wangu ni mwalimu. Muuza mkaa anajua. Mke wa fundi saa anajua, na huyo akijua jambo hata waliolala kaburini wameshalisikia. Kwa hiyo hurudi kwenye mashuka. Hilo liondoe kichwani.

Nikuulize: siku ya kwanza uliwafundisha nini? Umeandika mwenyewe, tena kwa kujisifu: "historia ya cherehani na sehemu zake, pamoja na mchoro ubaoni." Mtu ametoka kazini miguu imevimba, watoto kawaacha kwa jirani, amekuja kushona, wewe unampa mchoro. Ningekuwa mimi ningekufa msiba wangu mwenyewe ili nisirudi.

Usiseme Bibi anajuaje. Bibi anajua kwa sababu na yeye ni mwanafunzi. Ndiyo. Usicheke, na kama unacheka funga mlango. Nyuma ya soko wameanzisha darasa la kutengeneza viatu kwa watu wazima, na mimi nimejiandikisha, kwa sababu huu mguu wangu wa kushoto, na hicho kifundo kilichojitokeza pembeni ya dole gumba kama kiazi, hakuna duka duniani linaloujua. Nimechoka kuvaa viatu vya babu yako. Nitashona vyangu, na siku ya maonyesho yako nitakuja navyo.

Mwalimu wetu ni kijana wa umri wako, tunamwita Mwalimu Soli. Siku ya kwanza alituhutubia kuhusu ngozi. Ngozi ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo, mpaka akafika kwenye mamba. Mamba, mjukuu wangu. Nani alikwenda pale kushona mamba? Mguu ukafa ganzi, nikanyoosha mkono nikamwuliza, "Mwanangu, hiyo nyundo hapo mezani ni ya kutazama au ya kupigia?" Watu wakacheka, na yeye akacheka, akatugawia nyundo. Tangu saa ile hakuna aliyesinzia.

Basi nisikilize. Mtu akiingia mlangoni mpe kitu mkononi kabla hajakaa vizuri. Maneno yaufuate mkono, yasiutangulie.

Na usinipigie simu. Kwenye simu ukinikera nakata. Karatasi haikatiki.

Babu yako anakusalimu. Mimi bado.

Bibi yako, mke mwenzako


Tarehe 12 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Nilifunga mlango nikacheka. Nisamehe. Bibi na nyundo, sijui nani atamlinda huyo kijana. Mume wetu mpe salamu zake, umwambie silii wala sideki.

Kuhusu mchoro, kitabu cha mwongozo walichonipa hapa kinasema tuanze na sehemu za cherehani. Sikujitungia. Lakini juzi nilijaribu ulivyosema. Nilisimama mlangoni na rundo la mashuka makuukuu, na kila aliyeingia nikampa kipande na mkasi kabla hata ya habari za leo. Nikawaambia, kateni mfuko wa kitu mnachokibeba kila siku.

Bibi, walinyamaza. Si kimya cha usingizi, ni kimya cha kazi. Kuna mmoja tunamwita Mama Mayai, anauza mayai ya kuchemsha stendi. Alikata mfuko wenye vyumba viwili, kimoja cha chumvi na kimoja cha pilipili, na hakuna aliyemfundisha kuugawa. Halafu kuna mzee mlinzi wa ghala la saruji. Huja kabla ya zamu yake na rungu lake analiegemeza ukutani, na kwa kuwa hafungui mdomo darasa limempa jina la Bwana Kufuli. Alikata mfuko wa tochi. Aliupima kwa tochi yenyewe, akaitoa, akaiingiza, akaitoa. Nikaondoka ubaoni, nikasogeza meza tukakaa mduara, nikawa nazunguka. Siku hiyo mimi ndiye niliyewakumbusha saa.

Ila sasa kuna jambo jingine. Wakati ule walipokuwa wananisikiliza tu hawakuharibu kitu. Sasa wanashona, na mishono yao inakwenda kama mtu aliyetoka kilabuni. Mikono ya Bwana Kufuli ni minene, cherehani inamkimbia. Na kila asubuhi mkuu wa kituo anapita kukagua kazi tulizoanika kwenye kamba. Anakunja midomo tu, anaandika kitu kichwani mwake.

Usiwe na wasiwasi. Nimepata namna ya kuwasaidia bila wao kujua. Nitakueleza ikishakomaa.

Mjukuu wako


Tarehe 19 Februari

Mjukuu wangu,

Namna gani hiyo? Mtu akiniambia "nitakueleza" mimi nalala macho wazi. Andika.

Wakati nangoja, chukua haya, nimeyaona kwa macho yangu nikiwa nimekalia benchi, si mimi ninayesimama mbele.

Moja, acha kuuliza "mmeelewa?" Najua unauliza, ulikuwa unaniuliza hata mimi uliponifundisha kutumia jiko la gesi, na mimi nilisema nimeelewa na nyusi zangu unakumbuka. Mtu mzima akiulizwa hivyo mbele za watu atasema ndiyo hata kama unamwuliza kwa lugha ya ndege. Sema "nionyeshe." Mkono hauna aibu ya kusema sijui.

Jingine. Mwalimu Soli aligawa karatasi za maelekezo. Mwenzetu mmoja akajipapasa mfukoni, akasema miwani kaisahau nyumbani. Hana miwani yule. Hajawahi kuwa nayo. Hakujua kusoma, na nilimwona jasho linamtoka. Jioni nikamsubiri Mwalimu nje nikamwambia, mwanangu, hizo karatasi chemshia chai, wewe weka mezani kiatu kimoja kilichokatwa tu, kimoja kilichogundishwa, kimoja kilichoshonwa, kimoja kilichokwisha, tuvishike. Akafanya. Simsifu sana, atavimba kichwa, lakini ni kijana anayesikia.

Halafu ametuweka wawiliwawili. Mimi kanipa karani wa benki, binti mwenye kucha kama vijiko, anaogopa nyundo. Mimi namshikia msumari, yeye ananisomea vipimo. Tunagombana vizuri.

Kiatu changu cha kushoto kimefika kwenye kushonwa. Unajua kidole changu cha shahada hakikunjiki tangu kilipobanwa na mlango, kwa hiyo mshono wangu wote unalala upande mmoja, kama majani yaliyopigwa na upepo. Na uzi nauvuta kwenye kipande cha mshumaa nilichotoka nacho nyumbani, maana nta yao nyeusi inaninukia lami. Ni mbaya, lakini ukiuvuta hautoki. Babu yako kauvuta akashindwa, akasema ana maumivu ya bega.

Wiki hii nakusalimu kidogo.

Bibi yako


Tarehe 26 Februari

Mjukuu wangu,

Nimeacha darasa. Usinibembeleze.

Jumatatu niliacha kiatu changu pale kwenye rafu, nimekishona nusu. Jumatano nakwenda nakikuta kimenyooka. Mishono imesimama wima kama askari gwaride. Karani wa benki anapiga makofi, "Bibi, umekuwa fundi," na wengine wakanizunguka. Nikakigusa. Uzi una nta nyeusi. Nikageuza upande nilioishia, ule uliolala, haupo. Mtu amefumua kazi yangu yote akaishona upya, kisha akairudisha rafuni kama vile mimi ni mtoto anayefungwa nepi usingizini.

Nikamtazama Mwalimu Soli. Akatazama dari.

Sikupiga kelele. Nakuapia, sikupiga kelele, na ndiyo maana sasa kifua kinaniuma. Wale watu walikuwa wananisifu, mjukuu wangu. Nilikaa pale nasifiwa kwa kazi ya mtu mwingine, na nikikataa nitaonekana nina wivu na mguu wangu mwenyewe, na nikikubali mimi ni mwongo. Nikasema asanteni. Asanteni, nilisema. Nikakitia kiatu kwenye mfuko, nikachapa lapa mpaka nyumbani, nikakitupa chini ya kitanda.

Angeniambia ni kibaya ningebishana naye na tungekwenda sawa. Kibaya najua ni kibaya, mimi si kipofu. Lakini kuninyamazia akanifumulia, hapo amesema nini? Amesema, huyu bibi kizee hatajifunza, tumalize tu.

Maonyesho nitakuja na viatu vya babu yako.

Bibi yako


Tarehe 27 Februari

Bibi yangu, shikamoo.

Barua yako ya tarehe 19 nimeipata. "Nionyeshe" imekuwa wimbo wa darasa, hata Mama Mayai akiniuliza kitu na mimi nikamjibu, ananirudishia, "Mwalimu, nionyeshe." Karatasi za maelekezo nimeziondoa. Nimeweka mifuko mezani kwa hatua, kama viatu vyenu.

Sasa nikueleze ile namna yangu, maana imekomaa na matunda nayaona. Wakishaondoka, nachukua kazi zao kwenye kamba. Ile iliyokwenda kombo nafumua taratibu, nashona upya nikinyoosha mstari, narudisha kwenye kamba kabla mkuu hajapita. Wakija wanakuta kazi zimenyooka, na kila mmoja anadhani ndivyo alivyoiacha. Bibi, laiti ungeziona nyuso zao. Bwana Kufuli alisimama mbele ya mfuko wake wa tochi, akapitisha kidole kwenye mshono, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Mkuu naye amelegea. Jana alisema, "Naona mambo yanakwenda." Wewe mwenyewe uliniambia mtu mzima haaibishwi mbele za watu. Nadhani hapa ungenisifu.

Kiatu chako kinaendeleaje? Nina hamu nacho.

Mjukuu wako, mwalimu


Tarehe 5 Machi

Mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma. Kumbe ni nyinyi.

Natumaini yangu ya tarehe 26 imekufika. Isome tena, ukiwa umekaa chini.

Sina salamu.

Bibi yako


Tarehe 11 Machi

Bibi yangu, shikamoo. Hata kama huitikii.

Zote mbili zimenifika siku moja. Ile ndefu niliisoma nimekaa, ile fupi sikuhitaji kukaa, nilikuwa sina miguu.

Lakini ulinichelewea. Siku mbili kabla hazijafika, mkuu alikuja darasani na mgeni mmoja, akasema anataka kuonja maonyesho. Akauliza nani kashona huu mfuko wa tochi. Darasa zima likamgeukia Bwana Kufuli. Mkuu akampa kitambaa kipya, "Mzee, hebu tushonee mwingine kama huu." Akakaa. Aliketi kwa kujiamini, Bibi, kwa sababu nilimpa mimi huko kujiamini. Akakanyaga, na cherehani ikaenda inakotaka. Akafumua. Akaanza tena. Uzi ukakatika. Mgeni akatazama pembeni kwa adabu. Bwana Kufuli akachukua ule mfuko wa kwenye kamba, akauweka kando ya huu mpya, akaitazama mishono miwili kwa muda mrefu. Halafu akanitazama mimi. Sikuwa na pa kuweka macho. Nikatazama dari, kama mwalimu wako.

Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya cherehani, akachukua rungu lake akatoka. Hajarudi. Kesho yake wengine nao wakaanza kugeuza kazi zao nje ndani. Mama Mayai akaniambia, "Mwalimu, mimi huwa narudisha uzi mara mbili mwanzoni kwa sababu siuamini. Huu haujarudishwa. Huu ni wa nani?" Sasa wanakuja nusu, na hao nusu hawashoni, wananiangalia mikono.

Mkuu amesema maneno machache tu: maonyesho yako palepale.

Nilifanya kwa woga, si kwa dharau. Niliona mashuka ya hoteli. Huenda na mwalimu wako kuna mashuka yake anayoyaona. Nifanye nini, Bibi?

Mjukuu wako


Tarehe 15 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimeitikia, tuendelee.

Kwanza, hilo la "si kwa dharau" liweke kabatini. Aliyekanyagwa mguu haulizi ulikuwa unawaza nini. Unalia umeharibu, haya, umeharibu. Babu yako anasema nikuhurumie. Nimemwambia amhurumie Bwana Kufuli.

Sasa fanya hivi, na usifanye nusu.

Simama mbele yao useme ulichofanya. Kifupi. Usianze na woga wako na mkuu wako na hoteli yako, maana ukiwapa sababu zako utawatwisha wao kazi ya kukufariji. Sema, nilifumua kazi zenu nikazishona mimi, sitarudia. Basi. Funga mdomo.

Kisha wape mifuko yote uliyoshona, wape na viwembe, waifumue wenyewe. Mpaka uzi wako wa mwisho utoke. Najua utaumia, na ndiyo nataka uumie, lakini pia mtu akifumua anaona mshono ulivyojengwa. Mimi nilikifumua kiatu changu chini ya taa ya jikoni kwa hasira, na nimeelewa kushona viatu usiku ule kuliko tangu nimezaliwa.

Wakimaliza, kaa mbele yao ushone kwa mkono wa kushoto. Wewe ni wa kulia. Utakwenda kombo kama wao, na waache wakuambie pa kushika. Mtu mzima anataka kumwona mwalimu akikosea na asife.

Na zile kazi mbaya zitundike kwenye kamba kama zilivyo. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zipangwe za mtu mmoja pamoja, ili ajione anavyotoka kule anakuja huku. Mkuu akikunja midomo, mwache akunje, midomo ni yake.

Bwana Kufuli usimwite. Mfuate. Nenda langoni kwenye hilo ghala lake, mpelekee aproni yake na kitambaa ambacho hakijakatwa. Usimwombe arudi. Mwulize tochi yake ina shida gani. Na hiyo cherehani inayomkimbia, mkono mnene si ugonjwa, ni wewe umemkalisha kwenye mashine nyepesi. Mtafutie ile ya zamani nzito, ya kuzungusha kwa mkono, au aanze kwa sindano ya mkono. Mbona ulishindwa kuliona hilo? Ulikuwa unatazama mshono, humtazami mtu.

Nimechoka. Mkono unauma.

Bibi yako


Tarehe 21 Machi

Bibi yangu, shikamoo.

Nimefanya vyote, na havikupendeza kama unavyovisimulia.

Nilisema. Nikafunga mdomo. Mama Mayai akasema, "Mimi nilimwonyesha mume wangu ule mfuko. Nilimwambia nimeushona mimi." Hilo tu. Kisha akachukua wembe akaanza kufumua, na kwa muda mrefu chumba kizima kilikuwa sauti ya nyuzi zinakatwa. Nilitaka kutoroka nikajifungie chooni.

Mkono wa kushoto ndio ulioniokoa. Nilishona kitu kama njia ya panya. Wakaanza kucheka, kwanza kwa ukali, baadaye kawaida. Mmoja akasema, "Mwalimu, usikisukume kitambaa, kiongoze tu," na hayo ni maneno yangu mwenyewe, yalinirudia.

Langoni kwa Bwana Kufuli nilikwenda jioni. Alinipa kiti chake, yeye akasimama. Nikamwuliza tochi ina shida gani. Akaitoa, akaiwasha, akaizima. Halafu akasema, "Inanidondoka nikipanda ngazi." Bibi, ana sauti nyembamba, huwezi kuamini. Tukazungumza kuhusu kifuniko cha mfuko na kifungo. Hakusema atakuja. Jana alikuja. Nimempa ile cherehani ya zamani ya kuzungusha kwa mkono iliyokuwa stoo, na haimkimbii. Mshono wake bado umepinda, lakini umepinda pamoja naye.

Sasa na mimi nikuseme kidogo, nikiwa nimesimama mbali. Umenituma nimfuate Bwana Kufuli langoni. Mwalimu Soli ana Bwana Kufuli wake, anakaa nyumba yenye mlango wa kijani na kiatu chini ya kitanda. Utamngoja aje akuulize mguu wako una shida gani? Hajui kwamba umejua. Mimi nisingejua kama Bwana Kufuli asingeilinganisha ile mishono miwili mbele yangu.

Kama hurudi, basi mimi ndiye peke yangu niliyesamehewa, na hiyo si haki.

Mjukuu wako


Tarehe 28 Machi

Mke mwenzangu,

Nani kakwambia umesamehewa?

Nimekwenda. Si kwa sababu yako. Nilikuwa napita sokoni kununua vitunguu, na kiatu kikawa kwa bahati kwenye kikapu.

Nikakiweka mezani mbele ya Mwalimu Soli, kimefumuliwa chote, matundu matupu. Nikamwambia, "Mwanangu, nta yako nyeusi nimekurudishia." Akawa kama kamwagiwa maji. Akasema, "Bibi, niliogopa utaumiza mkono." Nikamwambia, "Mkono wa nani?" Akasema, "Wako." Nikamwambia, "Basi ungeuuliza." Akaniuliza. Nikamwonyesha kidole kisichokunjika. Akafikiri, akakata kipande cha ngozi akakizungushia kwenye sindano ile nene ya kutobolea, ikawa nene kama mpini wa jembe, nikaishika kwa kiganja kizima bila hicho kidole. Kitu kidogo kama hicho. Mwezi mzima alikuwa anacho kichwani, ila alikuwa bize kunifumulia.

Karani wa benki amenikumbatia na hizo kucha zake, karibu anitoboe.

Cha kushoto na cha kulia, vyote nimevimaliza. Havifanani. Nitakuja.

Bibi yako


Tarehe 3 Aprili

Bibi yangu, shikamoo.

Natumaini ulifika salama na kwamba dereva hakukuudhi sana. Babu ameniandikia mstari mmoja: "Amerudi, anasimulia, sijalala."

Siku ya maonyesho ulikuwa ushatoka nje kupumzisha mguu kwa hiyo kuna kitu hukukiona. Wale wageni walikuwa wanapita kwenye kamba yetu, wanatazama mifuko mibaya kwanza, na mkuu nyuma yao midomo yake ilikuwa imekunjika mpaka imepotea. Mama mmoja mgeni akasimama mbele ya ule wa tochi. Akasema, "Huu umepinda." Mimi nilishafungua mdomo. Bwana Kufuli akanitangulia. Akasema, kwa ile sauti yake nyembamba, "Umepinda, ndiyo. Nimeushona mimi. Uvute." Yule mama akauvuta. Akauvuta kwa mikono miwili. Akamwomba amshonee mwingine palepale, na alizungusha ile cherehani ya zamani taratibu mpaka mwisho mbele ya watu wote, na yule mama hakutazama pembeni hata kidogo.

Mkuu ameniita leo. Amesema mishono ya darasa langu ni ya ajabu, hajawahi kuona maonyesho yanayotundika makosa. Halafu akasema waliojiandikisha muhula ujao ni wengi kuliko viti. Ananipa muhula mmoja mwingine, kisha "tutaona." Si ajira ya kudumu niliyoitaka. Lakini mashuka yamesogea mbali kidogo.

Kuna jambo jingine. Baada ya wewe kuondoka nimekuta kiatu chako cha kushoto chini ya cherehani yangu. Sijui uliondoka na nini mguuni. Mshono umeachia pembeni, palepale kwenye kifundo, kama upana wa vidole viwili. Nilikiweka mezani. Nikatia uzi kwenye sindano. Ni kazi ndogo, Bibi, ningeimaliza kabla maji ya chai hayajachemka, na ungetembea vizuri.

Nimekaa nacho mpaka maji yakachemka yakakauka.

Nakirudisha kama kilivyo. Ndani yake nimeweka kipande cha mshumaa.

Mjukuu wako


Tarehe 9 Aprili

Mjukuu wangu,

Salamu leo zinatangulia, uone tofauti. Hujambo. Babu yako hajambo. Mwalimu Soli naye anakusalimu, anasema anataka kujua habari za ile kamba ya kazi mbaya, nimemwambia akaandike barua yake.

Muhula mmoja. Huyo mkuu wako mkono wa birika hata kwenye maneno. Mtaani nimesema umeongezewa, sikusema kiasi gani, na wewe usiwe na haraka ya kunisahihisha.

Niliondoka na ndala, nilizifunga kwenye mfuko tangu nyumbani. Mimi si mtu wa kusahau kiatu.

Dereva amenikabidhi leo. Mshumaa wako una manukato, siutaki, nimempa babu yako awashe msalani. Kiatu nimekipeleka dirishani, nimevaa miwani ya babu yako, nimekipitia kuanzia kisigino mpaka kisigino. Pameachia palepale nilipopafumua mwenyewe kwa wembe, na kwingine kote mshono umelala upande wake. Hakuna uliosimama.

Umefaulu. Sasa niache nikishone.

Bibi yako, fundi viatu